Nyumba ya mama kihambani: nani amewahi kujenga bila kufyeka migomba?

Kitindamimba_Vunjo

Wakuu, heshima kwenu. Uzi utakuwa mrefu kidogo, nivumilieni.

Mimi ni kitinda mimba, kwa hiyo kwa mila za Uchagani kihamba cha wazee (shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa) ni changu na mama ni wangu. Kaka zangu walishapewa maeneo yao, mimi nikaachiwa palipo na kaburi la babu, kaburi la baba, na ng'ombe mmoja mkorofi anayeitwa Sikujua. Ni Kirua Vunjo, kwenye mteremko. Ukisimama mlangoni unaona tambarare yote chini, ukigeuka nyuma mlima, kama haujajifunika.

Mama anaishi kwenye nyumba aliyojenga baba 1979, mbao na udongo, bati limeshakuwa jekundu kwa kutu. Imeinama. Mvua ya masika iliyopita tuliweka sufuria tatu sebuleni. Lazima nijenge, hilo halina mjadala.

Mjadala ni huu. Kaka yangu wa pili alijenga 2016, hatua kama sitini kutoka kwa mama. Vyumba vitano, vigae vinavyong'aa hadi unaona soksi zako, madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, na uwanja mzima umepigwa pevingi. Nyumba inafunguliwa tarehe 22 Desemba na kufungwa tarehe 3 Januari. Kaka kwa moyo mweupe kabisa akasema mama ahamie kule. Mama akahamia. Alilala usiku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili tukapigiwa simu kwamba amerudi kwake, kabebesha godoro mtoto wa jirani.

Tulidhani atalalamikia ngazi au baridi ya vigae. Alisema neno moja tu: "Kule ndani simsikii ng'ombe."

Mjini tulicheka. Halafu nikakumbuka kwamba mwaka juzi Sikujua alijaa gesi usiku wa manane, mama akasikia mguno kupitia ukuta wa mbao, akatoka na tochi, akaita watu. Asubuhi ng'ombe alikuwa anakula. Angekuwa kwenye ile nyumba ya aluminiamu tungechinja.

Na ile pevingi nayo ina kesi yake. Maji ya mvua yaliyokuwa yananywewa na kihamba sasa yanateremka kama yana haraka ya basi, yanaingia kwa jirani wa chini. Mstari mmoja wa kahawa yake mizizi iko nje. Hasemi kitu, lakini Krismasi hii hakuja kunywa mbege.

Sasa zamu yangu. Fundi niliyempata amenitumia ramani kwa simu: mita 14 kwa 11, vyumba vinne, mtindo wa kuficha paa. Alipokuja kupima akahesabu migomba 23 ya kuondoa, mingi ni mchare, pamoja na mti mmoja mkubwa wa mringaringa na masale ya mpakani, ile mimea tunayoiheshimu Wachaga. Akasema, "Kwanza tusafishe saiti." Mama alikuwa anapita na majani ya ng'ombe kichwani, akasimama, akauliza: "Kwani hapo kuna uchafu gani?"

Fundi hakuwa na jibu, na mimi sikuwa nalo.

Nauliza: nani hapa amejenga, au anajua namna ya kujenga, nyumba imara isiyovuja ambayo inakaa ndani ya kihamba badala ya kukikalia? Nina bajeti ya kawaida, siyo ya hoteli ya watalii. Na mama amsikie ng'ombe wake.

---

Fundi_Njiapanda

Mangi, karibu. Nimepaua nyumba nyingi ukanda huo kuanzia Himo hadi Mwika, nitakwambia bila kukuficha.

Hiyo ya kuficha paa achana nayo leo leo. Dar inapendeza kwenye picha. Huko kwenu mvua ya masika hainyeshi, inamwaga. Nyumba ya kuficha paa ina ukuta unaopanda juu ya bati, bati limelala kwa slopu ndogo, na maji yote yanakusanywa kwenye mfereji wa ndani. Sasa wewe una mringaringa na migomba. Majani makavu yanaanguka humo, mfereji unaziba, maji yanatafuta njia, njia ni dari ya mama. Nimeitwa kurekebisha nyumba za namna hiyo mara nyingi kuliko nilivyoitwa kuzijenga. Kila mwaka mwenye nyumba ananunua lami ya kuziba, na kila mwaka inavuja sehemu mpya.

Huko paa liwe na mwinuko wa kutosha na mapenu marefu. Mimi napenda sentimita 90 hadi mita moja kutoka ukutani, siyo zile 40 za kubania mbao. Upenu mrefu unalinda ukuta, unalinda msingi usirukiwe matope, na chini yake mama anaanika mahindi, anaweka kuni, anakaa na wageni mvua ikinyesha. Hiyo ni nafasi ya bure, hujalipia tofali hata moja. Bati chukua geji 28, usidanganywe na geji 30 kwa sababu ya bei, ile ni nyembamba na upepo unaichezea.

Weka gata pande zote na tangi. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 10 inakupa lita 1,000 kwenye karatasi. Toa yanayoruka na kupotea, hesabu 800. Masika yakichanganya, tangi la lita 5,000 linajaa kabla wiki haijaisha. Yanayozidi usiyaelekeze kwa jirani! Chimba mtaro mdogo wa kufuata mkingamo, yaani unaokata mteremko kwa usawa, upeleke kwenye migomba. Wazee wetu walitoa maji mlimani kwa mifongo, ile mifereji ya kuchimba, kilometa kadhaa bila pima maji, sisi tunashindwa kugawa maji ya paa moja.

Kuhusu miti, kumbuka pia kwamba mkoa wetu hata mti wa kwako ndani ya shamba lako unaombewa kibali. Fundi aliyekwambia "tusafishe" hakukwambia hilo, si ndiyo?

---

Lowassa_wa_Pili

Nafuatilia. Mimi mama yangu alirudi kwake baada ya siku nne, wa kwako amejitahidi.

---

Mtoto_wa_Tukuyu

Samahani nitakuwa mkali kidogo.

Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya udongo Rungwe. Nimetolewa funza vidoleni kwa pini. Mama yangu amepika kwa moshi miaka thelathini na leo macho yake yanatoa machozi hata akiwa amefurahi. Kwa hiyo nikisikia watu wa mjini wanasema "nyumba ya asili", "kuishi na mazingira", huwa naangalia kwanza wao wanalala wapi. Wengi wanalala kwenye bloku na feni.

Mkuu, mama yako kasema jambo moja kuhusu ng'ombe na wewe umeshamjengea falsafa nzima. Umemuuliza kuhusu choo? Usiku anatoka kwenda chooni mita ngapi, kwenye mteremko, kwenye tope, na magoti ya umri wake? Umemuuliza jiko? Inawezekana anataka vigae, ila hataki vigae vya kaka yako.

Kamuulize vizuri ndipo uje na migomba yako.

---

Kitindamimba_Vunjo

Mtoto wa Tukuyu, umenipiga pazuri. Kuhusu choo sikumuuliza. Ijumaa napanda basi, nitauliza ana kwa ana. Fundi, ahsante sana, hilo la kibali kweli hakuniambia.

---

Mchoraji_Arusha

Ndugu mleta uzi, mimi ni msanifu majengo, siyo mkubwa, nafanya kazi kwenye ofisi ya watu wanne. Swali lako nimelipenda kwa sababu wateja wengi wanaanza na picha ya mtandaoni, wewe umeanza na ng'ombe. Tuanze naye basi.

Kwenye miteremko ya mlima kama huo upepo una ratiba. Mchana jua likipasha joto, hewa inapanda kutoka tambarare. Usiku inapoa juu kule na kuteremka. Ukiweka banda upande wa juu wa nyumba, usiku kucha mama atavuta harufu. Ukiliweka chini kabisa, mchana harufu inampandia jikoni. Kwa hiyo banda likae ubavuni, mashariki au magharibi ya nyumba, na lishuke kidogo ili mkojo na samadi viteremkie kwenye migomba bila kupita mlangoni. Chumba cha mama kiwe mwisho wa nyumba upande huohuo, mita sita au saba kutoka bandani, na dirisha la mbao linalofunguka, lenye wavu wa mbu. Atamsikia Sikujua hata akipiga chafya.

Sasa ramani ya mita 14 kwa 11. Shida yake kubwa hata siyo ukubwa, ni unene. Nyumba nene kwenye mteremko inakulazimisha uchimbe kilima upande mmoja na ujaze kifusi upande wa pili. Hapo ndipo migomba 23 inapokwenda, na hapo ndipo ufa wa mwaka wa tatu unapotokea, kwa sababu kifusi kinashuka. Jenga nyumba nyembamba: upana wa chumba kimoja tu, tuseme mita 4 na nusu hadi 5, halafu iwe ndefu ikifuata mkingamo kama matuta yanavyofuata. Ukihitaji zaidi, fanya vipande viwili vilivyopishana, kimoja kishuke ngazi tatu, kati yake pawe na njia iliyoezekwa. Migomba inapandwa kwa mistari yenye nafasi, na nyumba nyembamba inaweza kupenya pale nyumba nene inapofyeka. Faida nyingine ni kwamba kila chumba kina dirisha pande mbili, mwanga na hewa vinapita, na kila ukikaa unaona kijani.

Kuhusu jua: kwetu huku karibu na ikweta saa sita linakaa juu ya paa karibu mwaka mzima. Juni, wakati wa baridi yenu, linaegemea kaskazini kidogo, Desemba kusini. Linaloingia dirishani kwa kweli ni la asubuhi na la jioni. Kwa baridi ya Julai huko juu, kitanda cha mama kipate jua la asubuhi. Kwa hiyo chumba mwisho wa mashariki, na banda mashariki. Mambo mawili yamekubaliana, jambo ambalo kwenye kazi yangu hutokea mara chache mno.

Kuta. Nina hakika pembeni ya kihamba kuna rundo la mawe meusi ambayo babu yako aliyatoa shambani. Usiyafukie. Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa 2011 na kuta zake za nje ni mawe ya volkano ya namna hiyo, yale ambayo wakulima walikuwa wanayaona kero. Mafundi wa palepale waliyachonga na kuyapanga hadi watu wanasafiri kwenda kuyatazama. Wewe fanya msingi na ukuta wa chini, hadi usawa wa dirisha, kwa mawe. Tope na unyevu haviyaogopeshi.

Juu ya mawe tumia tofali za udongo za kufungamana, zile za kushindiliwa kwa mashine ya mkono, udongo na saruji kidogo, hazichomwi. Za kuchoma zinakula kuni, na huko mtatoa wapi kuni bila kumaliza miti? Mashine na mafunzo ya tofali hizi yamekuwa yakitolewa miaka mingi na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Ila pima udongo kwanza. Chukua chupa ya kioo inayoonyesha ndani, jaza udongo hadi theluthi moja (chimba chini ya ule mweusi wa juu, huo ni chakula cha migomba), ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha itulie siku moja hadi mbili. Mchanga utakaa chini, tope laini katikati, mfinyanzi juu. Kama mfinyanzi ni mwingi mno, tofali litapasuka likikauka, itabidi uongeze mchanga. Zikishatolewa zifunikwe na kumwagiwa maji wiki kadhaa. Nimeona watu wanazianika juani siku ileile, halafu wanasema teknolojia ni mbaya.

Mtoto wa Tukuyu ana haki ya kukasirika, lakini udongo wenyewe hauna kosa. Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, alijenga shule ya msingi ya kijiji chake kwa udongo uliotiwa saruji kidogo, ikakamilika 2001. Wanakijiji wenyewe walisita mwanzoni, walikuwa wanajua udongo unabomoka mvua ikija. Akainua bati juu kabisa, mbali na dari, kwa kenchi za nondo, likatoka nje sana, mvua haigusi ukuta na upepo unapita katikati. 2004 shule ikapata tuzo ya usanifu ya Aga Khan, 2022 yeye akapata Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata. Ila usichukue lile paa ukalibandika Kirua! Gando wanapigana na joto. Kwako dari izibwe vizuri, la sivyo mama ataganda Julai.

Mringaringa uache. Masale nayo uyaache, wala sihitaji kukwambia wewe kwa nini.

---

BintiMakunduchi

Assalaam aleikum. Mimi wa huku Unguja, milima naiona kwenye kalenda tu, lakini nina mawili.

La kwanza, mama wa kaka huyu anataka baraza, hajui kuliita hivyo tu. Kwetu nyumba haijawa nyumba mpaka iwe na baraza ya kukalia. Hapo uko kwako lakini dunia inakupitia mbele, unamwamkia kila mtu, na kuku unawaona. Jengeni ukuta mfupi wa kukalia chini ya huo upenu wa fundi, upana wa mtu kuweza kujinyoosha, si ule wa kuweka chungu cha maua.

La pili ni onyo. Nyumba ya babu yangu ni ya mawe, udongo na chokaa. Ami yangu kwa mapenzi akaipiga plasta ya saruji nje na rangi ya mafuta ndani. Haukupita muda ukuta ukaanza kutoa jasho, rangi inavimba kama ngozi iliyoungua, ukibonyeza inatoka na mchanga. Ukuta wa namna ile unavuta unyevu na kuutoa, ukiuziba unyevu unabaki ndani kuula. Tumebandua yote tukarudi kwenye chokaa. Kwa hiyo kaka, hizo kuta zako za udongo usizivishe koti la mvua.

---

Fundi_Njiapanda

Huyu dada wa Unguja anajua kazi. Naunga mkono. Na mchoraji naye yuko sawa kwenye unene wa nyumba, ila aongeze lenta ya zege kuzunguka kuta zote juu ya madirisha. Mteremko haujali umesoma wapi.

---

Kitindamimba_Vunjo

Wakuu nimerudi. Nimekaa na mama siku nne.

Nilimuuliza vizuri kama nilivyoagizwa. Choo anataka ndani, tena akasema amekitaka tangu baba akiwa hai, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Vigae hataki, kwa sababu akiingia na mabuti yenye samadi itabidi avue, na kuinama kuvua mabuti ndiko kunamuumiza magoti. Anataka sakafu ya saruji ya kukwaruza kidogo. Jiko anataka nje, lakini liwe na ukuta upande wa mlima na bomba la moshi. Mtoto wa Tukuyu, soda yako ipo Himo, ukipita niambie.

Kuhusu kusikia ng'ombe nikampeleka na kamba. Nikamwambia asogee kuelekea bandani, aniambie pa kusimama. Nilidhani ataniambia mita mbili. Akasogea, akafunga macho, akasema: "Hapa." Nimepima, mita nane. Akaongeza kwamba karibu zaidi ya hapo atakuwa anasikia na inzi. Upande ni mashariki, mchoraji umebahatisha au umesoma kweli.

Tumechora kwa kamba na vijiti nyumba nyembamba, mita 5 kwa 13, na kipande cha pili cha mita 5 kwa 6 kikishuka chini. Migomba inayoondoka ni sita, na minne kati yake mama mwenyewe amesema imezeeka, angeing'oa mwaka huu. Mringaringa unabaki kwenye kona ya baraza. Mawe meusi yapo, tena mengi, yamefunikwa na majani ya magimbi. Niliyajua tangu utoto kama mahali pa kujificha nyoka.

Kaka amepiga simu kuuliza kwa nini najenga "nyumba ya treni". Nimemwambia aje Desemba aone. Kanyamaza kidogo, halafu akauliza kama kuna namna ya kung'oa pevingi bila kuzivunja, maana jirani bado hajamsemesha. Fundi, hilo swali nakuachia.

Jambo moja nimeshindwa. Udongo nilipima kwenye chupa ya jamu, nikauchimba chini kama ulivyoelekeza, nikatikisa, nikauweka dirishani utulie siku mbili. Asubuhi ya pili nimeamka nikakuta chupa imeoshwa, inang'aa, imejaa chumvi ya jikoni. Mama anasema alikuta mtu ameacha matope kwenye chupa nzuri. Jumamosi nachimba tena, na safari hii chupa nalala nayo.